Somo: Umetolewa kidole tumbo, umerudi nyumbani. Angalia nini, na urudi hospitali lini?

Wengi wanaotolewa kidole tumbo hupona vizuri. Wale wachache wanaopata matatizo, mara nyingi yanawaanza wakiwa tayari wameruhusiwa, ndani ya siku kumi za mwanzo, na hapo hakuna nesi wa kuwapitia asubuhi na jioni. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, na kila mgonjwa namwambia hivi: leo uwe na nafuu kuliko jana. Maumivu yaliyokuwa yanapungua yakigeuka yakaanza kupanda, kuna jambo, hata kama kidonda kwa nje ni kikavu.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujatoka wodini
Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka au bado? Kama kilipasuka, uwezekano wa usaha kujikusanya tumboni ni mkubwa zaidi, kwa hiyo macho yawe mawili. Uliza pia kama nyuzi zitayeyuka zenyewe au utarudi kutolewa.

Hatua ya 2: Kidonda
Kiache kikavu saa 48 za mwanzo, isipokuwa umeelekezwa vingine. Baada ya hapo maji yapite juu yake wakati wa kuoga, ukaushe kwa kitambaa safi bila kusugua. Usikae ndani ya beseni la maji, na usipake kitu ambacho hukuandikiwa.

Kila siku nawa mikono, kaa penye mwanga, kitazame. Kuwasha, ugumu kidogo chini ya mshono na majimaji mepesi machache siku za mwanzo si vya kutisha. Joto linaloongezeka, uvimbe unaong'aa, harufu au usaha ni maambukizi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, hivyo gusa pembeni ya mshono kwa mgongo wa mkono, kisha gusa upande wa pili wa tumbo ulinganishe joto. Uvimbe ukianza, zungushia mstari wa kalamu ya wino ukingoni mwake. Ukivuka mstari, usisubiri kesho.

Hospitali wanaweza kufungua nyuzi chache usaha utoke, na kidonda kikaachwa kijifunge kuanzia chini. Wagonjwa hushtuka sana wakiona hivyo, lakini ndiyo tiba yenyewe: usaha uliofungiwa hauishi kwa vidonge peke yake.

Hatua ya 3: Homa
Pima joto kabla ya kumeza parasetamoli, maana dawa ikishashusha homa huijui tena. Ikifika nyuzi 38 au zaidi, rudi hospitali.

Hapa naomba msome taratibu. Jipu la ndani ya tumbo huja kimyakimya: homa ya kupanda na kushuka, chakula hakipiti, tumbo la chini linauma, unaharisha kidogo kidogo au kila mara unahisi haja. Mtu anadhani amekula kitu kibaya, anatafuta dawa ya kuharisha. Kinachohitajika ni kipimo cha picha, kwa mfano ultrasaundi, na antibiotiki za kuchomwa kwenye mshipa wa damu. Jipu likiwa kubwa huingizwa mrija wa kulikausha, na wengine hurudishwa chumba cha upasuaji.

Hatua ya 4: Tumbo lifunguke
Kujamba ni habari njema. Dawa kali za maumivu kama kodeini na tramadoli hufunga choo, kwa hiyo kunywa maji, tembea, na uombe dawa ya kulainisha. Lakini tumbo likijaa, hewa isitoke, ukaanza kutapika, usile wala kunywa; nenda hospitali muda huohuo.

Hatua ya 5: Inuka
Tembea kidogo kidogo tangu mwanzo ili damu isigande miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, ni dharura. Ukikohoa, bana mto tumboni.

MASWALI YA WANACHAMA

Sista, nimepasuliwa kwa matundu madogo, mbona bega ndilo linaniuma?
Pole. Ni ile gesi ya kupanulia tumbo, inasumbua msuli ulio chini ya mapafu na maumivu yanasikika begani. Huisha ndani ya siku chache. Likija na kubanwa pumzi, nenda hospitali.

Mdogo wangu anajisikia mzima, anataka kuacha antibiotiki katikati.
Mwambie amalize kama alivyoandikiwa, hasa kama kilipasuka.

Miezi imepita, nikikohoa kuna kivimbe kinatokeza kwenye kovu.
Huenda ni ngiri ya mshono, ndugu yangu. Panga kumwona daktari wa upasuaji, na uache kubeba mizigo mizito. Kikigoma kurudi ndani, kikawa kigumu na kuuma, usilale nacho.

Kilishatolewa, je, ugonjwa unaweza kurudi?
Ni nadra, ila kisiki, yaani kipande kidogo cha kidole tumbo kilichobaki, kinaweza kuvimba. Utumbo pia unaweza kunasa kwenye makovu ya ndani hata miaka mingi baadaye. Tumbo likikukamata, mtajie daktari upasuaji huo mapema, kabla hajakuuliza.