Mtoto akichaguliwa shule ya vipaji maalumu: namna ya kuzungumza naye

Shule za sekondari za vipaji maalumu, zinazochukua waliofaulu zaidi darasa la saba, ni kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato na Tabora: hakuna hata moja iliyo Mtwara au Lindi. Kwa mtoto wa Newala au Nachingwea, kuchaguliwa ni kuhama nyumbani, na hilo ndilo la kuzungumza. Kabla ya mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba usimwahidi chochote. Matokeo ndiyo huamua.

Hatua ya 1. Wakubwa mkubaliane kwanza, mjomba akiwemo. Kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao neno lake lina uzito, na akipata habari mwisho anaweza kuipinga safari mbele ya mtoto. Kama kuna jando au unyago likizo ya Desemba, pangeni tarehe mapema. Shule hufunguliwa Januari.

Hatua ya 2. Usimwite mbele ya wageni, maana atajibu "ndiyo" tu kwa adabu. Nenda naye kuokota korosho, wawili peke yenu. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka.

Hatua ya 3. Uliza kabla ya kueleza: "Umesikia nini kuhusu shule hiyo? Kipi kinakutia hofu?" Kisha nyamaza. Ukikimbilia "usiogope", mazungumzo yamekwisha. Mmoja anahofia Kiingereza, mwingine anajiona anamwacha bibi bila wa kumtekea maji. Wa kwanza soma naye Kiingereza nusu saa kila siku, kwa mada za sayansi anazozijua tayari kwa Kiswahili. Wa pili mwambie nani atateka maji, kwa jina.

Hatua ya 4. Hii wazazi wengi huiruka, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Mwambie: "Mwanangu, hapa umezoea kuwa wa kwanza. Kule karibu kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Ukishika nafasi ya arobaini, niambie, sitakugombeza." Asiyeambiwa hivi huona aibu, huficha ripoti na huacha kuuliza maswali darasani. Kwa sababu hiyohiyo, usimsifu kwa "una akili kuliko wenzako". Sifu kazi: "Ile hesabu uliirudia mpaka ikakubali."

Hatua ya 5. Someni pamoja fomu ya kujiunga, yeye akiweka alama: godoro, shuka, ndoo, sare. Ada hailipwi, lakini vitu hivyo na nauli ni juu yenu. Mweleze fedha zitatoka wapi, asije akajiona mzigo kwa wadogo zake.

Hatua ya 6. Baada ya siku tatu muulize tena. Akikataa, tafuta sababu yenyewe, na mpe nafasi ya kuongea na mwanafunzi aliyetangulia huko au mwalimu anayemwamini. Usimtishe kwa radhi. Aliyekwenda kwa hofu ya laana hatasema hata akiumwa bwenini. Akikubali, andikeni namba zenu mbili za simu ndani ya jalada la daftari, na mkubaliane atazipigaje kupitia kwa matroni au mwalimu wa bweni.