Somo: Kutumia Nunito ya koza na mlazo kwenye mabango

Nunito, fonti iliyoanzishwa na Vernon Adams na kupanuliwa baadaye na Jacques Le Bailly, haina vijikia (vile vimistari vidogo kwenye miisho ya herufi), na ncha za mistari yake zimeviringwa. Ikikozwa (herufi zikiwa nene) na kulazwa (zikiwa zimeinama kuelekea kulia) kwa pamoja, huonekana kutoka mbali bila kumkaripia msomaji, na kwa sababu hiyo inalifaa duka la mikate au basi la shule ya chekechea, ila haifai kabisa tangazo la msiba.

Hatua ya 1. Pakua fonti hii bure kutoka Google Fonts. Leseni yake huria inaruhusu kazi za biashara.

Hatua ya 2. Sanikisha faili la Nunito-BoldItalic lenyewe. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kazi nyingi huharibikia hapa. Faili hilo lisipokuwepo, programu nyingi huyasukuma maumbo ya wima upande mmoja, na ncha iliyokuwa nusu duara ikageuka kuwa kama yai lililopinda. Itazame w: mstari unaoshuka kuelekea kulia hunenepa, na unaopanda hukonda. Katika mlazo uliochorwa na msanifu, unene huo umesawazishwa herufi moja baada ya nyingine.

Hatua ya 3. Andika maneno matatu au manne tu, kwa ukubwa wa kutosha. Herufi nzito huziba matundu yake zikiwa ndogo, na Kiswahili kimejaa a. Neno "maandazi" pekee linazo tatu. Kwenye karatasi mimi sishuki chini ya pointi 14.

Hatua ya 4. Ukikata vibandiko, acha ncha zilivyo, kwa kuwa pembe kali ndizo huanza kubanduka.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, naomba kujua kama naweza kutumia Varela Round au Quicksand badala yake.
Jibu: Kwa maandishi ya wima, unaweza. Hata hivyo, katika Google Fonts hizo hazina mlazo uliochorwa, kwa hiyo utarudi kwenye kasoro niliyoieleza katika hatua ya 2.

Swali: Je, vibonye vya kompyuta za zamani za Apple vilitumia fonti hii?
Jibu: Hapana, ndugu. Ile ni VAG Rounded, iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni ya magari ya Volkswagen mwishoni mwa miaka ya 1970.

Swali: Katika bango langu la "Nyama ya ng’ombe", ritifaa inamezwa na herufi za jirani. Nifanye nini?
Jibu: Kwanza hakikisha umeweka ritifaa yenye mkunjo, kwa sababu ile iliyonyooka ikilazwa hufanana na mkwaruzo. Kisha ongeza nafasi kidogo kati yake na g, na nyingine ndogo zaidi kabla ya o, ukiangalia kwa jicho na si kwa namba, halafu chapisha nakala moja uitazame ukiwa umesimama ng’ambo ya barabara.