SOMO: Kufunga tairi la kwadi nyumbani na kulikalisha kwenye rimu bila kuumia

Wakuu, habari za jioni. Swali hili nimelijibu vipande vipande mpaka nimechoka, na shida ya vipande ni kwamba watu wanachukua cha kwanza na cha mwisho, wanaruka katikati penye hatari. Leo naliweka lote hapa. Atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa.

Kwadi yangu, yaani pikipiki ya magurudumu manne, inafanya kazi shambani upande wa Nanyamba, inabeba maji, salfa na mashine ya kupulizia mikorosho. Nyumbani ni Mikindani, karibu na bahari. Kwa hiyo matairi yanapigwa na visiki kule, rimu zinaliwa na chumvi huku. Hilo la chumvi likumbuke, nitalirudia.

Kabla ya kununua, soma namba. 25x8-12 maana yake tairi lina kimo cha inchi 25, upana inchi 8, na linaingia rimu ya inchi 12. Namba ya mwisho haina mjadala. Tairi la 11 haliingii rimu ya 12 hata ulipige nyundo mpaka kesho.

Vifaa: leva mbili au tatu zisizo na ncha kali, jeki, brashi ya waya, sabuni ya maji, valvu mpya, kompresa, mkanda wa kufungia mizigo, na geji inayosoma upepo mdogo. Geji ya gari inayoanzia 10 haifai, kwa sababu kwadi inatembea kwenye PSI 5 hivi (PSI ni pauni kwa kila inchi mraba). Ukikosea 1 tu, umekosea sehemu ya tano ya upepo wote.

1. Anika tairi jipya juani kwa muda wa saa mbili au tatu. Mengi yanakuja yamebanana, midomo (zile kingo mbili zinazokaa kwenye rimu) imekutana. Jua la kwetu linayalegeza vizuri.

2. Toa upepo wote, chomoa kile kisindano cha ndani ya valvu, kisha bandua tairi la zamani. Laza gurudumu chini ya pikapu, weka jeki juu ya ubavu wa tairi karibu kabisa na rimu, pandisha jeki mpaka ikutane na chasi. Uzito wa gari utausukuma mdomo uachie. Geuza upande wa pili. Jeki isikanyage rimu.

3. Safisha rimu. Hapa watu wanaharakisha, na ndipo tairi linapoanza kuvuja. Pale mdomo unapokaa, sugua mpaka kidole kipite bila kukwama. Kutu ya chumvi inatuna kama kipele, na kipele kimoja kinatosha kuvujisha upepo usiku mzima.

4. Weka valvu mpya. Ni ya bei ndogo, usirudishe ya zamani.

5. Tazama mshale ubavuni mwa tairi. Unafuata gurudumu linakozunguka kwenda mbele.

6. Paka sabuni midomo yote miwili na rimu, kisha ingiza. Usipake grisi, oili wala mafuta ya kula. Mafuta hayakauki, yanaharibu mpira, na baadaye tairi litateleza juu ya rimu. Mdomo wa kwanza unaingia kwa kusukuma. Wa pili unataka leva, ukichukua kidogo kidogo, huku upande wa mbali umeukandamiza kwa magoti uzame kwenye bonde la katikati ya rimu. Ukiona unatumia nguvu nyingi, ujue upande wa mbali umetoka bondeni.

7. Kulikalisha, yaani kulijaza upepo mpaka midomo ipande na kushika rimu. Hapa someni polepole.

Mara yangu ya kwanza mdomo mmoja ulipanda ukalia "pwa!", wa pili ukagoma robo nzima ya mzunguko. Badala ya kusimama nikaongeza upepo. Geji yangu ilikuwa ya gari na sikuiamini, nikawa nasikiliza sauti. Nimechuchumaa, mkono wa kushoto juu ya tairi. Waya wa mdomo ukakatika, tairi likaruka, rimu ikanipiga kifundo cha mkono. Mfupa ulipata ufa, nikakaa na hogo la plasta wiki sita katikati ya msimu wa kupulizia. Tairi jipya nikalitupa. Na sababu ilikuwa kutu niliyoivivia hatua ya 3.

Piga hesabu uone ulichokishika. Duara la inchi 12 lina eneo la inchi mraba 113 hivi. Kwa PSI 20, upepo unasukuma kila upande kwa zaidi ya pauni 2,200, karibu tani moja. Huwezi kuizuia kwa mkono.

Kwa hiyo fanya hivi. Zungusha mkanda katikati ya kashata za tairi, yale meno yanayokanyaga ardhi, ukaze mpaka mbavu za tairi zisogee nje na midomo iguse rimu. Huna mkanda, tumia kamba na kipande cha mti, unakisokota kama unavyobana mzigo. Paka sabuni tena. Kisindano cha valvu kibaki nje, upepo uingie kwa kasi. Kichwa cha kompresa kiwe cha kung'ata valvu chenyewe, wewe simama mbali na mbavu zote mbili. Midomo ikishashika upepo, legeza mkanda, halafu endelea.

Ubavuni pameandikwa kikomo cha upepo wa kukalishia. Yangu yanasema 20. Soma la kwako, usichukue namba yangu. Ukifika kikomo na halijakaa, TOA UPEPO WOTE. Bandua, safisha, paka sabuni, anza upya. Mdomo uliogoma unadai usafi na sabuni, na PSI za ziada hazimpi mtu kimojawapo.

8. Likikaa, tazama ule mstari mwembamba karibu na rimu. Uwe umbali uleule kuzunguka, pande zote mbili. Rudisha kisindano, weka upepo wa namba ya kwenye kibandiko cha kwadi, mwagia povu uone kama pana panapovuja. Kesho yake pima tena. Baada ya safari ya kwanza kaza nati upya.

MASWALI

Dereva wa Masasi: Mkuu tairi la kwadi linajazwa upepo ngapi?

Jibu: Hatua ya 8. Kibandiko cha kwadi yako.

Fundi Mzoefu: Unawatisha watu bure. Sisi tunamwagia petroli kidogo, tunawasha, linakaa sekunde moja. Miaka yote.

Jibu: Sikatai kwamba linakaa. Nakataa njia yenyewe. Kompresa ukiona hatari unaachia kitufe, moto ukishawaka huna cha kuachia, na hakuna geji inayokuambia umefika ngapi. Mpira wa ndani nao unaungua usipouona. Wapo vijana wanaosoma hapa watakaojaribu peke yao nyuma ya nyumba. Sitalifundisha hilo, na naomba usilifundishe chini ya somo langu.

Mama Shamba, Tandahimba: Kaka, asante sana. Nina maswali mawili. Hilo bonde la rimu kwa nini lina umuhimu hivyo? Na nina kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri, itatosha?

Jibu: Dada, umeuliza kitu kizuri. Ndani ya mdomo mna waya, na waya hauvutiki. Mzunguko wake ni mdogo kuliko ukingo wa nje wa rimu, kwa hiyo kwa kawaida hauwezi kupita. Upande mmoja ukizama bondeni, palipo pembamba, upande wa pili unapata nafasi ya ziada ya kuvuka ukingo. Ndiyo maana leva ni ya kuongoza tu, kazi anaifanya aliyekandamiza upande wa mbali.

Kompresa yako itatosha kuongeza upepo kila siku, ila kukalisha ni ngumu, upepo wake ni mchache na unatorokea pembeni. Jaribu na mkanda uliokazwa vizuri. Ikishindikana, peleka gurudumu banda la pancha likiwa limeshafungwa mkanda, nenda na geji yako, na umwambie kijana kikomo kabla hajagusa mpira wa upepo. Wamezoea matairi ya lori.

Kijana wa Nachingwea: Sijasoma yote ni ndefu. Langu linashuka kila asubuhi, tatizo nini?

Jibu: Hatua ya 3. Ukishaisoma na bado linashuka, rudi uniambie povu limetokea wapi, nitakusaidia.

Mzee wa Lindi: Mwanangu, sisi tunaweka tyubu tu na maisha yanaenda.

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Kwa dharura inakufikisha. Tatizo ni upepo mdogo: tairi linaweza kuteleza kwenye rimu likaivuta tyubu, valvu ikang'oka. Halafu tairi lisilo na tyubu likichomwa na mwiba unalichomeka kamba ya pancha palepale shambani, hulifungui. Tyubu ikitoboka ni kufungua tairi zima.

Mzee wa Lindi: Marahaba. Hilo la valvu limenikuta mara mbili, sikujua sababu.

Mvuvi wa Msimbati: Kwenye mchanga nishushe upepo zaidi? Na chumvi unaifanyaje?

Jibu: Upepo mdogo unasaidia kwenye mchanga, ila usishuke chini ya namba ya kibandiko, mdomo utaachia ukikata kona. Na huko kwenu ni ndani ya hifadhi ya bahari, kasa wanataga ufukweni, kwa hiyo waulize askari wa hifadhi pa kupita. Chumvi: osha kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi siku hiyohiyo, hasa ndani ya rimu na nyuma ya valvu.

Mama Shamba, Tandahimba: Kaka, samahani, nimepata matairi mawili tu, ya mbele. Ya nyuma yamelika nusu. Nifunge?

Jibu: Kama kwadi yako inavuta magurudumu yote manne, pima kwanza. Chukua futi ya fundi cherehani, jaza yote upepo wake sahihi, zungusha katikati ya kashata, uandike mzunguko wa kila moja. Ya mbele na ya nyuma yakipishana sana, gia zinavutana ndani. Nitumie namba zote nne na modeli ya kwadi, tutazame pamoja kabla hujafungua kitu.