Mikisa ya udongo wa tofali kwa mota ya haidroli na giaboksi ya skrepa, hatua kwa hatua

Wanaofyatua tofali za kufungamana wanaijua shida ya kuchanganya. Udongo na saruji kidogo na maji kidogo, ukiutia kwenye mikisa ya kawaida ya zege, lile pipa linalozunguka, udongo unaganda pembeni na mwingine unaviringika unakuwa mabonge, mwishowe vijana wanarudi kwenye koleo. Kinachotakiwa pale ni karai kubwa la chuma lililotulia na mikono inayozunguka ndani yake inakata na kukandamiza, na hiyo mikono inataka nguvu nyingi kwa mwendo wa polepole, kama raundi 25 mpaka 30 kwa dakika. Mota ya haidroli ikiwa na giaboksi inafanya hiyo kazi vizuri sana, na kwenye vyuma chakavu inapatikana, iwe ni winchi ya lori la kreni lililokufa au mashine ya kuvunia mpunga.

Ninachoomba kimoja: usianze kuchomelea chochote kabla hujazijua namba mbili, cc za mota na uwiano wa gia. Mashine nzima inapangwa kufuata hizo.

Hatua ya 1: pima ulichonacho

Kwanza pale pale unaponunua zungusha shafti kwa mkono, iende kwa uzito ule ule mzunguko mzima bila kukwama mahali, halafu itikise pembeni, ikicheza beringi imekwisha. Fungua nati ya oili ya giaboksi uchukue kidogo kwenye kiganja. Ikiwa nyeupe kama maziwa maji yameingia, ukiona vipande vinavyometa vya chuma achana nayo, gia za ndani zikishalika kuzipata moja moja ni kazi.

Cc ni ujazo wa oili unaopita mota ikizunguka raundi moja. Kama kibati kipo soma, kwa mfano kwenye mota za Danfoss za OMR 200 hiyo 200 ndo cc zenyewe kwa karibu sana. Kama hakipo, funga mpira kwenye tundu moja uende kwenye dumu la oili lililoinuliwa, tundu la pili liangalie chombo cha kupimia, zungusha polepole kwa spana ndefu mpaka hewa yote itoke, kisha zungusha raundi 10 kamili ukikinga. Ukipata lita 2 basi ni cc 200.

Uwiano wa gia ni rahisi zaidi, piga alama ya chaki kwenye shafti ya kuingilia na ya kutokea, hesabu ya kuingilia inazunguka mara ngapi mpaka ya kutokea imalize raundi moja. Giaboksi za winchi nyingi zina breki ndani, diski zinazobanwa na springi, na zinaachia zikipata presha kwenye tundu dogo la pembeni, kwahiyo isipozunguka usiilazimishe, ipe presha hapo kwa pampu ya mkono. Kwa mikisa hiyo breki haina kazi, toa diski, lakini ukishazitoa giaboksi hiyo isirudi tena kunyanyua mzigo hata siku moja, mtu atakufa.

Hatua ya 2: piga hesabu ya pampu

Tuseme mota cc 200 na gia 4 kwa 1. Unataka mikono raundi 26, kwahiyo mota izunguke 104. Mara cc 200 unapata karibu lita 21 kwa dakika. Pampu ya gia ya cc 16 kwenye mota ya umeme ya raundi 1450 inatoa lita 23 kwenye makaratasi, ukitoa inayovuja ndani kwa ndani unabaki na zile 21.

Nguvu ya kuzungusha: presha kwa baa mara cc gawanya kwa 62.8. Kwa baa 150 ni nyutonimita 478, toa upotevu uweke 400, mara gia 4 unapata 1600. Hiyo inakata udongo bila wasiwasi. Umeme unaohitajika ni presha mara lita gawanya 600, yani 150 mara 23 gawanya 600, karibu kilowati 5.8, ongeza upotevu wa pampu, mota ya kilowati 7.5 inatosha. Injini ya dizeli chukua kubwa zaidi ya hapo maana hosipawa zinazoandikwa kwenye zile ndogo hazitoki zote ukiibana kutwa nzima.

Angalia pia unene wa shafti ya mota. Kwa nyutonimita 400 iwe milimita 32, kama yako ni 25 shusha presha mpaka kama baa 110 na ukubali kuchanganya kidogo kidogo.

Hatua ya 3: kuunganisha mota na giaboksi

Kama vilikuja pamoja usivitenganishe. Kama sio, mpelekee mkereza flenji zote mbili akuchongee sahani ya katikati yenye kingo za kukaa kila upande, kwa sababu bolti kazi yake ni kubana tu, kinachoweka senta ni ile kingo. Kutoboa kwa kukadiria na jicho kunaua sili ya mota, ile raba inayozuia oili kwenye shafti, inavuja ndani ya giaboksi na wewe unaona tu oili ya gia inaongezeka.

Hatua ya 4: giaboksi ikae juu

Wengi wanaiweka chini ya karai, shafti inatoboa kati kati. Mi nakataa, mchanga na saruji vinashuka kwenye sili na beringi inaliwa. Weka mhimili wa chaneli juu ya karai, giaboksi ining'inie shafti ikiangalia chini, mikono ifungwe hapo. Udongo haupandi.

Sasa hapa pana jambo linasahaulika sana. Giaboksi iliyokuwa imelala ukiisimamisha, oili inakimbilia chini na beringi ya juu inabaki kavu. Kwahiyo ijaze mpaka beringi ya juu iguswe, oili ya gia namba 90, na tundu la kupumulia ulihamishie juu kabisa na kampira kanakopanda mpaka kakopo kadogo, maana oili ikipata moto inavimba, ikikosa pa kwenda inasukuma sili nje.

Hatua ya 5: tanki, mipira na laini ya drein

Tanki lita 60, oili ya haidroli namba 68 kwa joto letu la pwani. Mpira wa kuvutia inchi 1 mfupi usiokunjika, wa presha nusu inchi wenye nyavu mbili za waya uliobanwa na mashine, wa kurudi robo tatu inchi kupitia filta. Klampu za kukaza na bisibisi kwenye laini ya presha hapana.

Laini ya drein ni ule mpira mdogo unaotoka kwenye bodi ya mota. Upeleke tanki moja kwa moja, peke yake, usiuunganishe na wa kurudi, usiupitishe kwenye filta. Ukiuziba presha inajaa ndani ya bodi na sili ya shafti inaruka. Mota zenye pistoni za ndani ndo hazisamehi kabisa, na zenyewe bodi lijazwe oili kabla ya kuwasha.

Valvu ya mkono chagua ile ambayo katikati inaachia matundu yote ya mota, mikono isimame taratibu. Ile inayofunga ghafla inapiga presha kubwa kwenye mipira kila ukisimamisha.

Hatua ya 6: kuwasha

Legeza kabisa valvu ya usalama, ile inayomwaga oili kwenye tanki presha ikizidi, washa, acha oili izunguke bila mzigo mpaka mapovu kwenye tanki yaishe. Zima. Zuia mikono kwa bomba zito, watu wote wakae mbali, washa tena, sogeza valvu ya mkono na ukaze ile ya usalama pole pole ukiangalia geji mpaka baa 150, funga nati yake.

Uvujaji tafuta kwa kipande cha boksi, sio mkono. Oili ya presha inapenya ngozi kwa tundu lisiloonekana, haiumi sana mwanzoni, na mtu aliyechomwa aende hospitali saa hiyo hiyo akaseme ni oili ya haidroli, asisubiri kivimbe.

Juu ya karai weka wavu wa nondo usiotoka bila spana, mifuko ipasuliwe juu ya huo wavu. Mikono ile haishtuki ikikuta mkono wa mtu. Baada ya wiki ya kwanza ya kazi mwaga oili ya gia uweke mpya na ubadilishe filta, halafu kaza bolti za sahani upya.