Somo: Kumkagua mkandarasi wa walinzi na wasafishaji Qatar

Naulizwa hili kila wiki, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Ni kwa wenzangu mnaonunua huduma za ulinzi na usafi kwa hoteli na ofisi za Doha.

1. Wakala. Mkandarasi ataje kila wakala aliyemletea watu. Wa Kenya mtafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Hayumo? Ishia hapo.

2. Mkataba wa mfanyakazi. Linganisha uliosainiwa nyumbani na wa Qatar. Kima cha chini cha mshahara wa mwezi tangu Machi 2021 ni riyali 1,000, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula kama mwajiri hatoi vitu hivyo.

3. Pasi ya kusafiria. Mfanyakazi akae nayo mwenyewe.

4. Deni alilobeba mfanyakazi ili apate kazi. Hapa ndipo ukaguzi mwingi unapoharibika. Sheria ya kazi ya Qatar ya 2004 inamkataza wakala kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, lakini pesa hutolewa Nairobi au Mombasa, kabla ya ndege. Ukiuliza “Ulilipa ada?” msimamizi akiwa kando, utajibiwa “Hapana.” Jibu hilo mtu kafundishwa, na wakala hakuwahi kuita ada: aliita pesa ya vipimo, ya mafunzo, ya kufuatilia viza. Uliza hivi: ulikopa wapi ili usafiri? Kuna shamba lililouzwa? Bado unadaiwa ngapi? Uliza siku yake ya mapumziko, mbali na bweni, kwa lugha yake. Usimhoji mmoja peke yake, atajulikana. Usiandike jina kando ya jibu. Na kamwe usimpe mkandarasi majibu ya mtu mmoja mmoja: mtu anaweza kurudishwa kwao na deni lake shingoni.

5. Bei. Kama unacholipa kwa kila mlinzi hakitoshi mshahara, malazi na tiketi, pengo hilo analiziba mlinzi. Pandisha bei, kisha andika kwenye mkataba kwamba gharama zote za kuajiri ni za mkandarasi.

MASWALI

Mnunuzi: Wangu ana vyeti vyote. Bado nikague?
Jibu: Soma namba 4.

Ofisi Kuu: Walilipa kwa hiari yao, sisi tunahusikaje?
Jibu: Itifaki ya Palermo ya 2000, ile ya kimataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, haihesabu ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu. Ukishajua mtu kafungwa na deni, na bado unamlipa aliyemfunga, unahusika.

Bi Ugavi: Nikigundua walilipa, nivunje mkataba?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Usianze na hilo. Kazi watapoteza wao, deni libaki. Mpe mkandarasi ratiba ya kurudisha pesa, ziingie kwenye akaunti ya kila mmoja. Baada ya mwezi rudi ukaongee nao tena, maana kuna wanaorudishiwa mchana na kunyang’anywa usiku.

Kaka wa Doha: Ulizeni pia kadi ya benki anashika nani.
Jibu: Ahsante, kaka. Mshahara kupitia benki ni lazima Qatar tangu 2015, lakini kadi ikiwa mfukoni mwa msimamizi, rekodi ya benki haikwambii kitu. Waombe wakuonyeshe kadi pamoja na pasi, papo hapo.