Betri ya mashua ipimwe alfajiri

Wenye mashua za tanga mnaotumia betri kwa taa na GPS, msiipime wakati sola inachaji. Mchana mita itakuonyesha volti 13 na ushei, ukadhani mambo safi. Ipime alfajiri, kila kitu kimezimwa. Betri ya asidi ya volti 12 ikisoma 12.7 imejaa, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na hapo iache ipumzike, maana ikizoea kushuka zaidi haidumu.

Paneli nayo, angalia inakaa wapi. Yangu niliifunga tezi (nyuma ya mashua), nikawa nalaumu betri wiki nzima. Kumbe kivuli cha foromali (ule mti unaobeba tanga) kilikuwa kinaikata katikati mchana kutwa! Kivuli chembamba tu kinatosha kuipunguzia nguvu.

Kama betri ina vifuniko, ongeza maji ya betri (yale ya kuongezea, si asidi) hadi yafunike sahani za ndani, usijaze hadi mdomoni. Vichwa vya betri, pale zinapofungwa nyaya, vikiota unga wa kijani, funga vifuniko, mwagia maji ya moto, sugua, kausha, paka grisi. Na betri usiiweke karibu na ngama (kule chini maji yanakokusanyika): maji ya chumvi yakikutana na ile asidi hutoa gesi ya klorini, nayo ni sumu.