Umefunga shokapu na springi mpya: alaimenti ufanye lini?

Gari likishuka kwenye stendi na shokapu mpya chini, swali ni lilelile: "Fundi, niende alaimenti leo au nisubiri?" Alaimenti ni kupima pembe za matairi na kuziweka sawa. Gereji moja itakwambia nenda sasa hivi, ya jirani itakwambia endesha kwanza mwezi mzima. Wanabishana kwa sababu kila mmoja anazungumzia kitu chake. Too, yaani jinsi matairi ya mbele yanavyoelekeana au kuachana kwa upande wa mbele, inakula mpira kuanzia kilomita ya kwanza. Hiyo haina subira. Urefu wa gari nao unachukua muda kutulia, na pembe zote za matairi zinaufuata. Ndiyo maana mimi kazi naigawa mara mbili: too naiweka sawa hapohapo kwa chaki na futi kamba, halafu mashine ya alaimenti inasubiri mpaka gari liache kushuka. Kama limeacha au bado, kalenda haijui. Unapima.

Mfano wangu ni Toyota Premio na Allion zinazosukumwa na matairi ya mbele, kwa kuwa zimejaa mtaani na mpangilio wake ni wa kawaida: mbele shokapu ya MacPherson iliyobeba springi, nyuma ekseli ya kipande kimoja. Magari mengi madogo tunayoendesha yanafanana nazo.

Hatua ya 1: Jua umegusa nini

Si kila kazi ya chini ya gari inadai alaimenti. Ukibadilisha shokapu za nyuma peke yake kwenye ekseli ya kipande kimoja, pembe za matairi hazijaguswa, kwa sababu shokapu ile haishiki tairi bali inazuia tu mdundo. Linki za stabilaiza ni hivyohivyo. Okoa hela yako.

Shokapu ya mbele ya MacPherson ni habari nyingine kabisa. Pale chini imeshikwa na bolti mbili kwenye chuma kinachobeba habu (kitovu cha tairi), na tundu la bolti huwa na nafasi kidogo. Nafasi hiyo ndogo inatosha kulaza tairi ndani au nje, yaani kubadilisha kemba. Na kemba ikibadilika, too nayo inahama, kwa kuwa tairodi, fimbo ya usukani inayoelekeza tairi, imebaki na urefu wake uleule. Wapo wanaopiga alama ya rangi kwenye bolti kabla ya kufungua, wakaamini wamerudisha kila kitu mahali pake. Alama inasaidia kukaribia. Haitoshi kukuondolea alaimenti, hasa kama shokapu mpya si ya kiwanda kilekile.

Springi mpya, loa amu (mkono wa chini unaoshika tairi), bushi zake (mipira ya maungio), boljointi (kiungo cha mpira wa chuma), tairodi, maunti ya juu ya shokapu: vyote hivi vinadai alaimenti. Spesa za kuinua gari zinadai zaidi ya vyote, na nitazirudia mbele.

Hatua ya 2: Pima urefu kabla ya kufungua nati hata moja

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo jibu la "lini" lilipo.

Egesha gari mahali tambarare. Upepo wa matairi uwe kama ulivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, buti liwe tupu, na ukumbuke kiasi cha mafuta kwenye tangi. Pima kutoka katikati ya habu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, matairi yote manne, uandike. Usipime kutoka chini, kwa sababu upepo ukipungua kidogo tu kipimo kimekudanganya.

Ukimaliza kufunga, pima tena. Gari lenye springi mpya mara nyingi litakuwa limesimama juu kuliko lilivyokuja, sehemu kwa sababu springi za zamani zilishachoka, sehemu kwa sababu mipira ya kukalia springi na bushi bado haijajikalia. Kwenye matuta na mashimo yetu itajikalia haraka. Springi ya chuma bora inashuka milimita chache tu, lakini milimita hizo zinatosha kusogeza too.

Hatua ya 3: Kaza bushi gari likiwa limekanyaga chini

Bolti za loa amu zinazopita katikati ya bushi za mpira usizikaze kabisa wakati gari limening'inia. Mpira wa bushi umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje. Ukiukaza amu ikiwa imelegea chini, siku gari linashuka ule mpira unajisokota na kukaa umesokotwa muda wote. Matokeo ni mawili: bushi inachanika mapema, na gari linasimama juu kuliko inavyopaswa, kisha linashuka taratibu kadiri mpira unavyochoka. Utapima wiki baada ya wiki na namba hazitulii, utalaumu springi bure.

Zikaze kwa mkono tu, shusha gari, litikise mbele na nyuma, ndipo ukaze kwa toki (nguvu ya kukaza) iliyotajwa na kitabu cha gari husika. Kama huwezi kuingia chini, weka jeki chini ya amu na unyanyue mpaka kipimo cha habu na madigadi kifike pale gari litakaposimama.

Zile bolti mbili za chini ya shokapu zina ujanja wake. Wakati wa kukaza, sukuma sehemu ya juu ya tairi kuelekea ndani, na ufanye vilevile upande wa pili. Ukisukuma moja ndani na nyingine ukaiacha ilivyoanguka, kemba za kushoto na kulia zitatofautiana na gari litavuta upande mmoja hata kama too ni safi.

Hatua ya 4: Weka too kwa chaki siku hiyohiyo

Tupige hesabu kidogo ili uone kwa nini siisubirishi. Tairi la 195/65R15 lina kipenyo cha karibu milimita 634. Tuseme baada ya kufunga, umbali kati ya matairi ya mbele kwa upande wa mbele na kwa upande wa nyuma unatofautiana milimita 5. Kila tairi linabeba nusu, milimita 2.5. Gawa kwa 634, unapata kwamba kwenye kila kilomita moja tairi linaburuzwa pembeni karibu mita 4. Safari ya Dar es Salaam kwenda Morogoro ni kama kilomita 190, kwa hiyo kila tairi la mbele linasuguliwa kwenye lami zaidi ya mita 700 kwa upande. Sasa mwambie mtu "endesha mwezi kwanza".

Fanya hivi. Vuta hendibreki, weka vizuizi matairi ya nyuma, gia iwe huru. Nyanyua mbele na uweke stendi. Paka chaki katikati ya tairi kuzunguka lote. Shikilia msumari juu ya kipande cha mbao kilichotulia sakafuni, zungusha tairi, msumari uchore mstari mwembamba kwenye chaki. Fanya yote mawili. Shusha gari, ondoa vizuizi na hendibreki, lisukume nyuma mita moja na kulirudisha ili matairi yajikalie, usukani ukiwa umenyooka.

Mkiwa wawili, pimeni umbali kati ya mistari ile kwa nyuma ya matairi, usawa wa habu, kisha kwa mbele. Mbele ikiwa fupi, matairi yanaelekeana. Ikiwa ndefu, yanaachana. Kwa magari haya madogo, kati ya sifuri na milimita 2 za kuelekeana ni mahali salama pa kusubiria mashine. Ikizidi, legeza lokinati za tairodi na ufungue kibanio cha buti la reki (mpira unaofunika ncha ya reki ya usukani), la sivyo mpira wake utajisokota na kupasuka. Zungusha tairodi zote mbili kiasi kilekile, robo mzunguko, kisha pima. Kipimo chenyewe kitakwambia kama umekwenda upande sahihi. Ukizungusha ya kushoto peke yake, too itakaa sawa lakini usukani utasimama umepinda.

Huna nafasi, msaidizi wala hamu ya kazi hii? Basi nenda kwenye mashine siku hiyohiyo, ukijua huenda ukarudi.

Hatua ya 5: Endesha, pima, ndipo uende

Endesha safari zako za kawaida. Baada ya kilomita 300 hivi, pima tena habu hadi madigadi, mahali palepale, mafuta kiasi kilekile. Rudia baada ya wiki. Vipimo viwili vikipishana chini ya milimita 2, gari limetulia na siku ya alaimenti imefika. Mara nyingi ni kati ya kilomita 300 na 500, ila sitakuapia, kwa sababu gari la Mikocheni linalopita lami tupu na gari la Mbezi ndani linalopanda makorongo kila asubuhi hayajikalii kwa mwendo mmoja.

Upande mmoja ukishuka na mwingine ukabaki, usiende alaimenti. Angalia kwanza kama springi imekaa kwenye kituo chake na mpira wake haujahama. Springi za mtumba zinazonunuliwa mojamoja zina tabia hii: kushoto imetoka gari moja, kulia imetoka jingine.

Ondoka kwenye ratiba hii mara moja ukiona usukani umepinda sana, gari linavuta kwa nguvu, au matairi yanalia kwenye kona za mwendo mdogo. Hapo nenda siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Kagua yasiyo ya alaimenti

Nyanyua mbele. Shika tairi juu na chini, tikisa. Kisha kushoto na kulia, tikisa. Ukisikia mchezo, ni bearingi, boljointi au tairodi, na fundi wa mashine atakuwa anaweka namba kwenye kitu kinachotembea. Wengine watakuwekea tu na kuchukua hela.

Usichanganye alaimenti na balansi, yaani kusawazisha uzito wa tairi. Usukani unaotetemeka ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa mara nyingi unaomba balansi. Na gari likivuta, badilishana matairi ya mbele kushoto na kulia: mvuto ukihamia upande wa pili, tatizo ni tairi. Kumbuka pia kwamba sisi tunaendesha kushoto na barabara imelazwa ili maji yatiririke pembeni, kwa hiyo kuelea kidogo kushoto ukiachia usukani ni kawaida. Jaribu mahali palipo tambarare kabla ya kugombana na mtu.

Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka ndani kwenda nje, kisha rudi. Ukihisi laini upande mmoja na makali kama meno ya msumeno upande mwingine, hiyo ni too. Ukingo mmoja ukiwa umeliwa laini bila makali, shuku kemba.

Hatua ya 7: Ukifika kwenye mashine

Nenda na mzigo wako wa kawaida. Mwenye gari la familia aende tupu, lakini mwenye Probox inayoshinda na magunia aseme mapema, kwa sababu pembe za gari lililobeba si za gari tupu.

Dai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Kwenye gari hili utaratibu ni kusoma nyuma kwanza, kisha kemba ya mbele, na too inawekwa mwisho. Ukimwona anaanza na too halafu anagusa bolti za shokapu, mwambie arudie too. Kemba ya mbele ikiwa nje ya kiwango, kuna bolti nyembamba za kurekebishia zinazoingia mahali pa zile za shokapu. Kupiga shokapu nyundo siyo dawa. Kasta, yaani mlalo wa shokapu kwenda mbele au nyuma, hairekebishwi kwenye mpangilio huu, kwa hiyo ikipishana sana kushoto na kulia, kuna kitu kimepinda. Na too ya nyuma ikiwa mbaya kwenye ekseli ya kipande kimoja, tafuta ekseli iliyopigwa au habu iliyokwisha.

Gari lenye mfumo wa kuzuia kuteleza huenda likahitaji kihisi cha usukani kirudishwe sifuri baada ya usukani kunyooshwa. Taa ikiwaka njiani kurudi, anza hapo.

Kwa waliofunga spesa

Ukiinua gari kwa spesa, tairodi na loa amu zimebadili mlalo wake, na hapo too inaweza kuruka milimita nyingi kwa mpigo mmoja. Usiendeshe "kidogo tu hadi mtaani" bila kupima kwa chaki. Spesa za alumini hazishuki, ila springi mpya zilizofungwa pamoja nazo zinashuka, kwa hiyo Hatua ya 5 inabaki palepale. Kemba isipoingia kwenye kiwango hata kwa bolti za kurekebishia, punguza unene wa spesa, kisha anza upya kutoka Hatua ya 2.